Kwa nini volkeno nyingine hulipuka na nyingine humwagika tu

Mgeni anayepelekwa ukingoni mwa Menengai kwa mara ya kwanza huuliza: mlima wenyewe uko wapi? Aliambiwa anakuja kuona volkeno, sasa anaona shimo. Mbele yake pana bonde lenye umbo la yai, kama kilomita 12 kwa 8, kuta zake zikishuka mamia ya mita hadi kwenye sakafu ya mawe meusi yaliyokunjamana kama uji uliomwagika ukagandia chini. Akigeuka nyuma, anaona mabati ya jiji la Nakuru yakimetameta, umbali wa kilomita kumi hivi.

Mlima ulikuwepo. Ulikuwa mpana na wa mteremko wa taratibu, na chini yake palikuwa na chumba kilichojaa magma, yaani mwamba ulioyeyuka. Magma hiyo ilitoka kwa milipuko miwili mikubwa, wa kwanza takriban miaka 29,000 iliyopita na wa pili zaidi ya miaka 12,000 iliyopita. Mawe na majivu yaliyorushwa yanapimwa kwa makumi ya kilomita za ujazo. Chumba kilipobaki kitupu, paa lake liliporomoka kama dari iliyoondolewa nguzo. Shimo la namna hiyo huitwa kaldera, na la Menengai ni miongoni mwa yale ambayo kuta zake zimesimama vizuri hadi leo.

Sasa yatazame tena yale mawe meusi ya sakafuni. Hayo pia ni mali ya Menengai. Yalitoka baadaye, katika tumbo lile lile, na ni ya jamii ile ile ya mwamba. Lakini hayakulipuka, yalitiririka, yakasimama, yakapoa. Mlima mmoja umeonyesha tabia mbili tofauti kabisa.

Kujua sababu yake kuna faida kwa watu wanaoishi hapa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 2,162,202 katika Kaunti ya Nakuru, na ndani ya mipaka ya kaunti mna Menengai, Eburru, Olkaria na Longonot. Zote nne bado zina joto chini yake. Joto hilo linatupa umeme, linawavutia watalii, na huko Eburru wakazi wamezoea kwa miaka mingi kuukinga mvuke unaotoka ardhini, ukapoa na kuwa maji ya matumizi ya nyumbani. Kila tetemeko dogo likisikika, maswali huanza: je, Menengai utaamka? Wanaochimba visima vya mvuke hawauchokozi? Majibu yanapatikana kwa kufuata kitu kimoja, nacho ni gesi.

Gesi ndiyo inayolipuka

Wengi hudhani volkeno hulipuka kwa sababu ina moto mwingi. Ukweli ni kwamba lava yenye joto kali kuliko nyingi, ile ya basalti inayofikia nyuzi 1,100 hadi 1,200 za Selsiasi, mara nyingi hutoka bila fujo. Magma zilizopoa hadi nyuzi 800 au 900 hivi ndizo zilizofanya milipuko mingi ya kutisha.

Magma ikiwa chini sana ardhini huwa imebeba maji na kaboni dayoksaidi zilizoyeyuka ndani yake, kama gesi ilivyoyeyuka ndani ya soda. Chupa ya soda iliyofungwa haionyeshi povu lolote. Gesi imo, lakini imebanwa. Kwa upande wa magma, kifuniko ni uzito wa mwamba ulio juu yake: kwenye kina cha kilomita 2, shinikizo ni zaidi ya mara 500 ya shinikizo la hewa tunayoishi ndani yake. Magma ikianza kupanda, mzigo huo unapungua, na gesi inaanza kujitenga kuwa viputo.

Mfano wa soda, kwa kweli, uko karibu nasi kuliko wengi wanavyojua. Sehemu ya kaboni dayoksaidi inayotiwa kwenye vinywaji nchini huchimbwa ardhini huko Kereita, Lari, kwenye ukingo wa mashariki wa Bonde la Ufa. Inapanda kutoka chini ya bonde hili hili.

Kiasi cha gesi kinachohusika kinashangaza. Chukua mita moja ya ujazo ya magma ambayo asilimia 4 ya uzito wake ni maji, jambo la kawaida kwa magma nzito. Maji yaliyomo ni zaidi ya kilo 80, yaani mitungi minne ya lita 20. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke kwenye uso wa dunia hujaza nafasi ya takriban lita 1,700. Kwa hiyo mita ile moja ya ujazo inataka kuzaa zaidi ya mita 130 za ujazo za mvuke, hata kabla ya kuhesabu kwamba mvuke wa nyuzi 800 hutanuka mara kadhaa zaidi ya ule wa birika. Gesi hiyo yote lazima itoke mahali. Ikipata njia, inatoka taratibu na lava inabaki kutiririka. Ikikosa njia, inaipasua magma vipande vipande.

Hayo majivu ya volkeno, basi, hayana uhusiano na majivu ya kuni. Hakuna kilichoungua. Ni vipande vidogo vya kioo na mwamba vilivyopasuliwa na viputo, na ndiyo maana vinakwaruza macho, mapafu na kioo cha gari.

Uji na maji

Anayepika anaifahamu tofauti hii. Teleka sufuria ya maji tu, na nyingine ya uji mzito. Maji yakichemka, viputo hupanda na kupasuka juu bila kumdhuru mtu. Uji mzito hauruhusu hivyo. Mvuke unanaswa chini, unajikusanya, kisha unatoka kwa kishindo na kumrukia mpishi mkononi. Moto ni ule ule na mvuke ni ule ule. Tofauti ni wepesi wa kiputo kupita.

Ugumu wa kitu kutiririka huitwa mnato. Maji yana mnato mdogo, asali ina mkubwa zaidi, na magma zina tofauti kubwa kupita hizo. Kinachoamua mnato wa magma ni joto lake na kiasi cha silika iliyomo. Silika ndiyo kiungo kikuu cha mchanga na kioo; ndani ya magma hujiunga kuwa minyororo inayoshikana, na minyororo ikiwa mingi, magma huwa nzito. Basalti ina silika karibu asilimia 50. Mwamba wa Menengai na Longonot, uitwao trakaiti, una asilimia 60 na kitu. Raiolaiti ya Olkaria huzidi asilimia 70.

Kwa nini magma za kwetu zimekuwa nzito? Zilianza zikiwa nyepesi. Bonde la Ufa linapotanuka, gamba la dunia huwa jembamba, na basalti huyeyuka na kupanda kutoka chini. Sehemu yake ilifika juu ikiwa bado changa, kama ile iliyomwagika kusini mwa Ziwa Elmenteita na kuacha eneo kubwa la mawe makavu meusi. Lakini nyingi hukwama njiani, ndani ya gamba, na kukaa maelfu ya miaka zikipoa. Zikipoa, fuwele za madini yenye chuma na magneziamu huganda kwanza na kutuama. Kinachobaki kikiwa kimiminika kina silika nyingi zaidi. Mtengenezaji wa sukari nguru ataelewa haraka: maji ya miwa yaliyokaa sana jikoni hupungua, na yanayobaki huwa mazito na matamu zaidi.

Fuwele hizo zinapojitenga haziondoki na maji wala gesi nyingi, kwa hiyo gesi nayo inazidi katika kile kilichobaki. Kukaa kule kule kunakoifanya magma kuwa nzito ndiko kunakoijaza gesi. Ndiyo sababu volkeno iliyonyamaza kwa muda mrefu inaweza kuwa ya kuogopwa kuliko ile inayomwaga lava kila baada ya miaka michache, na ndiyo sababu ukimya peke yake hauwezi kuchukuliwa kuwa habari njema.

Hata hivyo magma za bonde hili zina jambo moja linalozipunguzia ukali. Zina sodiamu nyingi. Viwanda vya chupa huchanganya mchanga na magadi ili uyeyuke kwa urahisi, kwa kuwa sodiamu hukata minyororo ya silika. Ndani ya magma hutokea vivyo hivyo. Trakaiti ya Menengai hutiririka vizuri kuliko magma nyingine zenye silika kama yake, na hilo linasaidia kueleza yale mawe meusi ya sakafuni.

Obsidiani na jiwe la kusugulia miguu

Ushahidi mzuri kuliko wote umetawanyika ardhini kati ya Naivasha, Gilgil na Nakuru, na mtoto yeyote anaweza kuuokota. Mmoja ni obsidiani, lile jiwe jeusi linalong'aa kama chupa iliyovunjika. Wa pili ni pumisi, jiwe jepesi lenye matundu ambalo hutumika kusugulia miguu na ambalo, likitupwa majini, mara nyingi huelea.

Mtu akiyashika mkononi hawezi kuamini kuwa ni ndugu. Lakini yakichunguzwa maabara, obsidiani na pumisi ya mlima mmoja zinaweza kuwa na viungo vile vile kwa kiwango kile kile. Pumisi ni povu la magma lililoganda likiwa bado limejaa viputo, kwa kuwa gesi ilitoka kwa ghafla. Obsidiani ni magma ile ile iliyopoteza gesi yake kabla ya kufika juu, ikamiminika ikiwa nzito na kupoa kuwa kioo. Olkaria ina zote mbili. Mtiririko wa Ololbutot, mojawapo ya lava changa zaidi pale, ulitoka miaka mia mbili hivi iliyopita kwa kipimo cha kaboni, na ulitoka kwa kujisukuma polepole, ingawa raiolaiti ni katika magma nzito kuliko zote.

Kwa hiyo unene wa magma haumalizi habari. Jambo jingine ni mwendo. Magma inayopanda taratibu kwenye njia yenye nyufa huvujisha gesi yake pembeni, kama mtu anayefungua chupa ya soda kidogo kidogo na kuiacha ipumue. Inayopanda kwa kasi, au inayokuta njia imezibwa na lava ya zamani, haipati nafasi hiyo. Viputo vinakua vyote kwa pamoja, magma inakuwa povu, na povu linapasuka. Menengai ilipofanya kaldera, magma ilitoka kwa wingi na kwa haraka. Baadaye kilichobaki kilipanda kwa vipimo vidogo, gesi ikipungua njiani.

Watu wa kale, hata bila kujua kemia hii, walijua thamani ya kioo hicho. Kariandusi, karibu na Gilgil, mashoka ya mkono yaliyochongwa kwa obsidiani bado yanaonekana mahali yalipofukuliwa. Katika kilima cha Hyrax, hapa Nakuru, Mary Leakey alichimbua mwishoni mwa miaka ya 1930, na vipande vya obsidiani ni sehemu ya yaliyopatikana. Ni mlipuko ambao haukutokea, kwa namna fulani, ndio uliowapa visu.

Majirani wawili

Wanaotaka kuona kanuni hii ikifanya kazi katika zama zetu watazame magharibi na kusini.

Nyiragongo, juu ya mji wa Goma, ina lava yenye silika kidogo sana, nyepesi kuliko basalti ya kawaida. Gesi hupita ndani yake bila shida, na kwa miaka mingi imekuwa ikichemka wazi ndani ya kreta kama ziwa. Hailipuki sana. Lakini tarehe 10 Januari 1977 ubavu wa mlima ulipasuka na ziwa hilo likamwagika lote kwa muda mfupi usiozidi saa moja, likikimbia kasi ambayo mtu kwa miguu hawezi kuishinda. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya Goma hadi Ziwa Kivu, na zaidi ya watu 100,000 walipoteza makao. Mei 2021 ikatoka tena. Kutolipuka, basi, kusitafsiriwe kuwa ni usalama.

Goma pia imelipa elimu ya volkeno duniani neno la Kiswahili: mazuku. Hivyo ndivyo wakazi wanavyoyaita mabonde madogo ambamo kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini hukusanyika. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, haina rangi wala harufu, na huua mbuzi na watu wanaoshuka ndani yake. Onyo hilo linafaa kwa yeyote anayeingia kwenye mapango na mashimo ya mvuke katika milima yetu. Mahali penye ndege au panya waliokufa bila sababu si mahali pa kuingia, hata kwa maombi.

Wa pili ni Ol Doinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania. Lava yake ya kawaida ni ya ajabu: ina kaboneti badala ya silika, ina joto la nyuzi 500 hadi 600 tu, hutiririka kama mafuta ya injini, nayo hutoka ikiwa nyeusi na kugeuka nyeupe baada ya kukutana na unyevu wa hewa. Kwa mnato mdogo kiasi hicho, mtu angetarajia isilipuke kamwe. Lakini ililipuka mwaka 1917, ikalipuka 1940, ikalipuka 1966, na Septemba 2007 ikarusha majivu tena kwa miezi. Miezi miwili kabla, Julai 2007, matetemeko ya eneo hilo yalisikika hadi Nairobi na kuwatoa watu maofisini. Magma mpya yenye silika na gesi nyingi ilikuwa imeingia chini ya ile nyepesi. Volkeno inaweza kubadilisha tabia ikipata kilichomo kipya, na mara nyingi ardhi hutoa taarifa kwanza.

Kuna pia milipuko isiyohitaji gesi ya magma yenyewe. Magma ikikutana na maji ya ziwa au ya ardhini, maji hugeuka mvuke papo hapo na kurusha kila kitu. Karibu na Ziwa Naivasha kuna kreta zilizozaliwa karibu na maji namna hiyo, na Kisiwa cha Crescent ni sehemu ya ukingo wa kreta iliyozama. Hili lisichanganywe na kupanda kwa maziwa ya bonde tangu karibu 2010, ambako wataalamu wengi wanakuhusisha na mvua. Ziwa kupanda si dalili ya volkeno kuamka.

Je, visima vinauchokoza mlima?

Shirika la Geothermal Development Company lilianza kuchimba Menengai mwaka 2011. Katika baadhi ya visima, mtambo ulipofika kina cha karibu kilomita 2 ulileta juu vipande vya kioo kipya. Maana yake ni kwamba ulikuwa umegusa magma. Habari hiyo inatisha ikisikika mara ya kwanza, kwa hiyo inafaa kuelezwa wazi kuliko kuachwa kwenye uvumi.

Kisima ni tundu jembamba ambalo upana wake kule chini hauzidi urefu wa mkono kutoka kiwiko. Maji na matope ya kuchimbia yanayopita ndani yake huipoza magma inayoguswa ikawa kioo palepale, na tundu linajiziba. Ili volkeno ilipuke, lazima magma nyingi ipunguziwe mzigo kwa ghafla, na tundu la namna hiyo haliwezi kufanya hivyo. Iceland walipata jambo kama hilo huko Krafla mwaka 2009, wakagonga magma kwenye kina cha kilomita 2.1, na mlima haukulipuka. Ni kweli kwamba mwaka 1977, katika eneo hilo hilo la Iceland, kisima kimoja kilitema vipande vya lava kwa dakika chache. Lakini wakati ule magma ilikuwa tayari inasafiri yenyewe chini ya ardhi na ikakuta kisima njiani, na kiasi kilichotoka kilikuwa kidogo. Kuchoma sindano kwenye puto na kuchoma sindano kwenye ukuta wa bwawa ni mambo mawili tofauti.

Hatari halisi ya visima ni ya kawaida zaidi: mvuke unaochoma, kelele, na gesi yenye harufu ya mayai yaliyooza. Hizo zina kanuni zake, na wakazi wana haki ya kuuliza kama zinafuatwa.

Ardhi inapumua

Setilaiti zinazopima kimo cha ardhi zimeonyesha kwamba milima hii haijatulia tuli. Kati ya 2004 na 2006 Longonot iliinuka kwa takriban sentimita 9, kisha ikasimama. Kati ya 1997 na 2000 Menengai ilishuka kwa sentimita chache. Hakuna iliyolipuka. Mabadiliko ya aina hiyo ni ya kawaida kwa volkeno iliyo hai, na moja peke yake halitoshi kuwa sababu ya kukimbia. Kinachowafanya wataalamu wakeshe ni dalili kadhaa zikija pamoja na kuzidi: matetemeko madogo mengi mahali pamoja, ardhi kuendelea kuvimba, matundu ya mvuke kuongezeka, chemchemi kubadili joto au harufu, miti kukauka bila ukame. Mchungaji wa Longonot au mkulima wa Eburru huenda akaona mambo hayo mawili ya mwisho kabla ya mtambo wowote, na taarifa yake kwa chifu au ofisi ya maafa ya kaunti ina uzito.

Tetemeko moja kubwa si lazima liwe la volkeno. Lile la Subukia la tarehe 6 Januari 1928, miongoni mwa makubwa kuwahi kupimwa Kenya, lilitokana na ardhi kuteleza kwenye ufa wa kale, na hakuna mlima uliolipuka.

Vivyo hivyo kwa nyufa. Machi 2018 barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok ilipokatika, magazeti ya ng'ambo yaliandika kwamba Afrika inapasuka vipande viwili. Wanajiolojia wengi waliona jambo la karibu zaidi: mvua kubwa ilikuwa imesomba majivu laini ya volkeno yaliyojaa ndani ya nyufa za zamani. Ardhi ya sehemu nyingi za Nakuru ni ya aina hiyo hiyo, ndiyo maana mashimo hufunguka ghafla baada ya masika. Ni milipuko ya maelfu ya miaka iliyopita ndiyo inayomeza ukuta wa plotí leo, na anayenunua kiwanja afadhali aulize majirani maji ya mvua hupotelea wapi.

Majivu yakinyesha

Simulizi za Wamaasai zinaweka lava ya mwisho ya Longonot katikati ya karne ya 19. Kwa umri wa mlima hilo ni jana. Kinachoweza kufika mbali zaidi, siku yoyote itakayokuwa, ni majivu.

Karibu na mlima wenyewe hatari kuu ni mawingu ya majivu na gesi ya moto yanayoteremka mteremko kwa zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Tarehe 8 Mei 1902 wingu la aina hiyo liliumaliza mji wa Saint-Pierre, kisiwani Martinique, na watu wapatao 28,000. Kwa hilo hakuna kinga isipokuwa kuwa umekwisha kuondoka, na ndiyo maana amri ya kuhama ikitolewa haingojewi kuona moshi.

Walio mbali zaidi wana la kufanya. Pinatubo, Ufilipino, ilipolipuka Juni 1991, wanasayansi walikuwa wameisoma mapema na makumi ya maelfu ya watu wakahamishwa. Wengi wa mamia waliokufa hawakuguswa na moto. Kimbunga kilipita siku ile ile, mvua ikalowesha majivu, na mapaa yakawaangukia. Sentimita 10 za majivu makavu zinaweza kuwa na uzito wa kilo 50 hadi 100 kwa kila mita ya mraba ya mabati, na zikilowa huzidi. Kwa hiyo majivu huondolewa juu ya paa yakiwa bado membamba na makavu, na anayeyaondoa hufunga pua na mdomo kwa kitambaa kilicholoweshwa, na kuvaa miwani ikiwepo. Mfereji unaoleta maji ya mvua kwenye tangi hutenganishwa kwanza. Tangi na visima hufunikwa, na ng'ombe hupewa majani yaliyohifadhiwa ndani kwa sababu nyasi zenye majivu husaga meno na zinaweza kuwa na sumu ya floraidi. Gari huachwa limesimama: majivu huziba kichujio cha hewa na kufanya lami iteleze. Na yakishafagiliwa hayasukumwi mtaroni, kwa kuwa yakichanganyika na maji hukaza kama saruji na kuziba mtaro wa mtaa mzima. Hurundikwa mahali pamoja, hufunikwa turubai, na kungoja gari la kaunti.